Picha ya Akinyi kwenye Mwezi wa Kumi

Mowlem,
Jumatano, saa tisa alasiri

Mutheu wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Umoja kuwaaga wenzako wa kwaya, na kwa jinsi ninavyokujua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nina saa tatu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba changu cha kuandika huwa unakicheka.

Mambo ya blanketi, ndoo na kufuli la sanduku nimemwachia baba yako. Anayapenda mambo hayo. Jana alilifunga na kulifungua lile kufuli mara sita. Mimi nina jambo jingine, na tangu Jumamosi nimejaribu kukwambia kwa mdomo nikashindwa. Leo asubuhi tukikunja nguo zako uliniuliza, "Mama, mbona unaniangalia hivyo?" Nikasema naangalia kama sketi imepigwa pasi. Sketi ilikuwa imepigwa pasi, Mutheu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nianzie siku barua ya chuo ilipofika. Baba yako alishangilia mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Wewe ulikaa kwenye ngazi na ile barua magotini. Nilipokuja kukukumbatia ukaniambia polepole, "Mama, mwalimu husoma mbele ya watu. Mimi siwezi." Nikacheka nikasema utazoea. Kisha nikaingia jikoni nikafungua mfereji wa maji bila sababu, nikasimama pale. Nilijua hofu hiyo ilitoka wapi. Si kwamba ulizaliwa nayo. Nilikutia mimi.

Unaikumbuka kamera. Baba yako aliipata kwenye mitumba ya soko la Gikomba, mkanda wake wa ngozi umekatika, akaniletea kama mzaha. Nilikuwa karani wa kupiga chapa kwenye lile shirika la misaada kule mjini, na kutwa nzima nilikuwa nikinakili maneno ya watu wengine. Kamera ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakuna mtu aliyeniamuru nikifanyie nini. Sikufundishwa. Filamu mbili za kwanza ziliharibika zote kwa sababu nilizifungua juani nione kama picha zimeingia.

Jumapili baada ya kanisa tulishuka mtoni, mimi na wewe, na mara nyingi Akinyi na mama yake. Nilipiga picha kila kitu. Chozi, wale ndege wadogo wanaong'aa, wakining'inia kwenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojiotea kando ya maji. Kinyonga kwenye ua wa michongoma. Makorongo wale wakubwa wenye vipara, wamesimama juu ya mapaa upande wa Dandora. Na watu pia: wanawake wakisukana nywele kibarazani, fundi viatu amelala mchana na nyundo bado mkononi, wewe na Akinyi mkiruka kamba. Watu walipenda. Nilikuwa nawapelekea picha zao nyumbani, na kila mlango wa mtaa huu ulikuwa wazi kwangu. Mtu akiniona na kamera alikuwa anaita, "Mama Mutheu, njoo unipige na mimi, leo nimeoga!"

Mama Akinyi alikuwa rafiki yangu. Nataka ulijue hilo vizuri, maana ulikuwa mdogo na huenda ulidhani ni jirani tu. Mumewe alikuwa fundi wa reli, siku tano kwa wiki yuko Eldoret, na baba yako naye dereva wa masafa marefu. Sisi wawili tulilea watoto kama nyumba moja. Wewe ulipougua surua nikiwa kazini, ni yeye aliyekukalia siku tisa.

Sasa nije kwenye picha yenyewe.

Ilikuwa Jumapili moja mvua imekatika. Tulikuwa tunachuma mboga za managu kando ya mto, sote wanne. Matope yalikuwa mengi, Akinyi akavua viatu vyake vya kanisani, wewe ukamshikia. Baridi ilikuwa ikimuuma, mama yake akavua sweta lake akamvika, likamfika magotini. Akainama kuchuma. Kisha ndege mmoja akaruka kutoka kwenye majani, Akinyi akainua uso kumtazama, na managu mkononi. Nikabonyeza.

Mama yake alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu, upande wa kushoto. Nakumbuka alisema, "Akinyi, nyosha mgongo, unapigwa picha!" Wewe ulikuwa nyuma yangu na viatu vyake, kimoja kila mkono. Nyote wawili hamkuingia kwenye picha. Aliyeingia ni mtoto mmoja peke yake, miguu mitupu, ndani ya sweta kubwa, akitazama juu.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliipeleka ofisini nikaiegemeza kwenye mashine yangu ya kuchapa, niwe naiona. Mkubwa wangu akapita, akarudi, akaiinua.

"Josephine, hii umepiga wewe?"

"Ndiyo."

"Una jicho wewe."

Mutheu, nilikuwa na miaka thelathini na minne na hakuna mtu ofisini aliyewahi kuniambia nina kitu chochote. Nilimpa picha kabla hajamaliza kuiomba. Akasema wanatengeneza kalenda ya kuwapelekea wafadhili huko ng'ambo, na hii itafaa sana. Akaniletea filamu tatu mpya kama shukrani. Sikumuuliza Mama Akinyi. Niliona nitamshangaza siku moja kwa kumwambia mtoto wake anatazamwa hadi Ulaya.

Wiki mbili baadaye karatasi za maneno ya kalenda zikaletwa mezani kwangu nizipige chapa. Miezi kumi na miwili, picha kumi na mbili, mistari miwili kwa kila picha. Akinyi alikuwa mwezi wa kumi. Ilikuwa kwa Kiingereza. Kwa lugha yetu ilisema hivi: "Msichana huyu ni yatima. Kila siku hutafuta chakula chake mwenyewe kando ya jalala."

Nilisimama nikaenda mpaka mlangoni kwa mkubwa. Hilo nililifanya. Nikamwambia, "Huyu mtoto ana mama. Ana baba pia. Nawajua."

Hakukasirika. Angekasirika pengine ningekaza. Alitabasamu akasema, "Josephine, watu wa kule hawamjui. Mayatima wako wengi, au siyo? Huyu anawasimamia wote. Ni maneno tu. Yatawasaidia watoto."

Nikarudi nikakaa. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria karo yako, na zaidi ya yote nilifikiria kwamba nikikataa, picha yangu itatolewa na nyingine iwekwe. Hili la mwisho sijawahi kumwambia mtu. Hata baba yako. Nilitaka picha yangu ibaki. Nikajiambia kalenda inakwenda mbali, hakuna mtu wa Mowlem atakayeiona. Nikaipiga chapa. Herufi kwa herufi, bila kosa hata moja. Nilikuwa najivunia kwamba sikosei.

Nilimwandika rafiki yangu kuwa amekufa, na nilimwandika vizuri.

Januari, baada ya wafadhili kupelekewa zao, kalenda nyingine zikabaki. Ofisi ikazigawa kwa makanisa ya Eastlands, katoni kwa katoni. Nilikuwa kwenye likizo, sikuziona zikitoka. Jumapili ile nilikuwa benchi la tatu na wewe, na Mama Akinyi alikuwa mbele yetu na Akinyi. Mchungaji akatangaza kwamba wageni wametuletea zawadi ya mwaka mpya, kila nyumba kalenda moja. Nikaona ukurasa wa kwanza ukipita mikononi mwa watu, nikaitambua kalenda yetu. Ningeweza kusimama. Ningeweza kumshika mkono Mama Akinyi nikamwambia, tutoke nje kidogo nina neno. Nilikaa.

Wewe ndiye uliyefika kwanza mwezi wa kumi. Ulikuwa na miaka kumi. Ulipanda juu ya benchi na viatu vyako, ukapiga kelele kwa furaha, "Akinyi! Akinyi uko kwa kalenda! Mama ndiye alikupiga!" Watu wakacheka, wakasogea. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Soma, mtoto, tuambie wameandika nini." Ulikuwa wa kwanza darasani kwa kusoma Kiingereza na kanisa zima lilijua. Ukasoma. Ulisoma kwa sauti yako yote, neno kwa neno, ukashusha sauti penye nukta kama ulivyofundishwa. Nadhani lile neno ulikuwa hulijui maana yake. Watu wazima walilijua.

Mama Akinyi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akamgeukia jirani yake, "Imesema nini?" Yule mama akasita, akamwambia, "Imesema ni yatima." Akinyi akainua macho akamtazama mama yake. Wote walikuwa wanamtazama. Mama mtu alikuwa amekaa pale, hai, na kitambaa chake cheupe kichwani.

Kisha akanigeukia mimi.

Na mimi, Mutheu, nikanyoosha mkono nikakupiga kofi. Mbele ya kanisa zima. Nikakwambia, "Nani amekutuma kusoma? Shuka hapo!"

Unaijua sehemu hii, lakini umekuwa ukiijua vibaya. Umeishi miaka tisa ukidhani ulifanya kosa siku ile. Hukufanya kosa. Ulisoma sawasawa kabisa. Kosa lilikuwa langu, na lilipokaribia kuonekana nililitupa juu ya uso wa mtoto wangu, watu wakatazama huko.

Mchana ule Mama Akinyi alikuja nyumbani. Wewe ulikuwa umelala, au ulijifanya umelala. Hakukaa. Alikuwa ameikunja kalenda kama gazeti.

"Mama Mutheu, nataka uniambie jambo moja tu. Picha najua ni yako, nilikuwepo. Haya maneno, ulijua?"

"Sikujua," nikasema.

"Ulikuwa hujui."

"Wale vijana wa ofisini ndio huandika. Mimi naona tu zikishatoka. Hata mimi nimeshtuka."

Alinitazama. Nadhani alitaka sana kuniamini. Akasema, "Sawa," akaondoka. Kalenda aliiacha juu ya meza.

Baba Akinyi alikuja Jumatano, ametoka safari, bado na mafuta ya reli kwenye kucha. Nilimwekea chai, hakuigusa. Aliongea kwa heshima, na heshima yake ndiyo iliyonichoma. "Mama Mutheu, mimi nalala Eldoret siku tano ili huyu mtoto ale. Sasa nimekuja kuuliza tu. Mimi na mama yake, tulikufa lini?" Nikamwambia yale yale. Vijana wa ofisini. Akaitikia kwa kichwa, akasimama, akachukua kofia yake.

Nilikwenda kwa mkubwa kumwomba kalenda zirudishwe. Akasema zimeshatoka, na kwamba watu wanazipenda. Niliendelea kufanya kazi pale miaka minne zaidi. Sikuacha. Nilipoacha, niliacha kwa sababu ofisi ilihama.

Watoto wa mtaa wakampa Akinyi jina. Walikuwa wakimngoja njiani kutoka shule: "Niaje, Oktoba! Wazungu wamekuletea nini leo?" Jina likamshika mwaka mzima, maana kalenda zilikuwa zimetundikwa kwenye kila nyumba, na mwezi wa kumi ulipofika alikuwa ukutani kwa kila mtu. Nilikuwa nikiingia nyumba za watu kunywa chai namkuta ananitazama, yaani anamtazama yule ndege, na chini yake maneno yangu.

Na wewe, Akinyi aliacha kukusemesha. Ulimngoja getini asubuhi, akapita upande wa pili wa barabara. Ukamwekea nafasi kanisani, akakaa nyuma. Wiki ya pili ukaja kwangu, nakumbuka nilikuwa napepeta mchele, ukasimama karibu sana na mimi. "Mama, nimemkosea nini Akinyi?"

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Ningeweza kukwambia sijui. Hata huo ungekuwa uongo mdogo zaidi. Nilikwambia, "Ulisoma kwa sauti mbele ya watu. Ulimwaibisha."

Ukasema, "Lakini waliniambia nisome."

Nikasema, "Siku nyingine ufikirie kwanza."

Ukaitikia ndiyo. Ukaenda. Muhula ule mwalimu wako wa Kiingereza aliniita shuleni. Akaniambia, "Huyu mtoto alikuwa ndiye anayewasomea wenzake. Sasa nikimwinua anasimama tu, anashika kitabu, hatoi sauti. Nyumbani kuna shida?" Nikamwambia hakuna shida. Tukarudi nyumbani tumeshikana mikono, na njia nzima sikusema kitu.

Walihama kabla ya mwaka kwisha, wakaenda kupanga Kware. Mwaka uliofuata Baba Akinyi akaugua, na haukupita muda akafariki. Yalikuwa mapafu. Mimi najua kwamba neno kwenye karatasi halimuui mtu. Lakini watu walisema, Mutheu. Walisema mtoto alishaitwa yatima kabla ya wakati wake, na sasa tazama. Walikuwa wakisema mbele yangu, kwa sababu hakuna aliyejua ni nani aliyelipiga chapa lile neno, nami nilikuwa naitikia, "Ni kweli, inasikitisha." Usiku nilikuwa naamka nikilisikia lile neno likigonga kwenye mashine.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliniomba twende matangani, ukasema hata kama Akinyi hataki kukuona utakaa nje. Nikakataa. Nikamtuma jirani na sukari na majani ya chai kwa niaba yetu. Ulikaa kibarazani ukitazama upande wa Kware mpaka giza likaingia. Ulidhani nakulinda. Nilikuwa najificha.

Umewahi kuniuliza kwa nini albamu yetu imekatika. Utotoni uko kila ukurasa, una chingamu ya bazoka mdomoni, una plasta gotini, kisha ghafla huna picha. Ni kinyonga, chozi, majani ya mbarika, mawingu juu ya matangi ya maji. Nilikusikia siku moja ukimwambia baba yako, "Mama alichoka kunipiga picha." Sikuchoka. Baada ya kalenda ile sikuweza tena kumwelekezea mtu kamera, hata wewe, hasa wewe. Ndege hawasomi. Hakuna aliyekuja mlangoni kwangu kuniuliza nimeandika nini juu ya kinyonga. Lakini umekosa picha zako za miaka tisa kwa sababu yangu, na hizo siwezi kukurudishia.

Sasa Jumamosi iliyopita. Nilikwambia naenda kwa shangazi yako. Nilikwenda Kware.

Haikuwa vigumu kumpata Mama Akinyi. Anashona sare za shule kwenye kibaraza cha ghorofa wanakoishi, cherehani imeegemezwa ukutani, nyuzi za rangi ya bluu kila mahali. Alinijua kabla sijafika. Hakusimama, wala hakuacha kushona. Akaniambia, "Karibu, Mama Mutheu," kama vile tulionana jana, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenifukuza.

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Sikupamba. Nilimwambia niliyaona yale maneno kabla, nilikwenda kwa mkubwa nikasema mtoto ana mama, kisha nikarudi nikayapiga chapa. Nikamwambia kwamba alipokuja kuniuliza nilimdanganya, na mumewe nikamdanganya pia.

Cherehani ikasimama.

"Wewe ndiye uliyepiga. Kwa hii mikono."

"Kwa hii mikono."

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba Akinyi alikuwa akikutetea. Mimi nilikuwa na wasiwasi, yeye alikuwa akiniambia, 'Yule mama hawezi.' Amekwenda akisema hivyo."

Nilikuwa nimebeba ile picha, ile yenyewe niliyotoa ofisini siku nilipoacha kazi, na filamu yake, nikampa. Hakuwahi kuiona bila maandishi. Akaishika mbali na macho kwa sababu siku hizi haoni karibu. "Hili ni sweta langu," akasema. "Bila maneno ni mtoto wangu tu." Akaiweka chini ya kitambaa alichokuwa anashona, na filamu pia.

Nikaanza kumwomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mutheu anajua?"

"Hajui."

"Anajua nini?"

Nikamwambia ulilojua. Nikamwambia kuhusu kofi, ingawa aliliona, na kuhusu jibu nililokupa siku ile ya mchele, na kwamba huwezi kusoma mbele ya watu, na kwamba Alhamisi unakwenda kusomea ualimu. Mama Akinyi akatikisa kichwa taratibu. "Basi umeanzia nyumba isiyofaa," akasema. "Mimi hayo maneno yako sijui nitayafanya nini. Acha nikae nayo. Wewe nenda kamwambie mtoto wako."

Nilikuwa nageuka kuondoka nikamkuta Akinyi amesimama na mtungi wa maji. Sijui alifika lini. Amekuwa mrefu, ana sauti ya baba yake. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Mimi nilidhani mlipanga," akaniambia. "Wewe upige, yeye asome. Miaka hii yote nilidhani Mutheu alipanda ile benchi ili watu wanicheke."

"Hakujua hata maana ya lile neno," nikamwambia.

"Nilikuwa nikimwona akiningoja getini. Nilikuwa nasema moyoni, huyu ana roho gani?" Akauweka mtungi chini. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini hakuniruhusu niyaone yakianguka. "Na yeye alikuwa akifikiria nini?"

"Kwamba alikukosea."

Akinyi akajifuta uso. Alimtazama mama yake, kisha akaniambia, "Umwambie wewe mwenyewe. Usimtume baba yake. Na akitaka kuja, mimi niko hapa asubuhi mpaka saa sita, kisha naingia kazini. Aje peke yake."

Nikasema sawa. Nikarudi kwa miguu mpaka nyumbani.

Sasa unajua. Sitakuandikia ufanye nini na haya. Nimejifunza jambo moja tu kutoka kwa yote haya, nalo ni dogo: nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli mara nyingi mno, mlangoni kwa mkubwa, kwenye lile benchi, Mama Akinyi alipokuja, Baba Akinyi alipokuja, wewe ulipokuja nikipepeta mchele, na kila mara ilikuwa ngumu kuliko mara iliyotangulia. Nilikuwa nadhani ninangoja iwe rahisi. Haikuwa.

Baba yako nilimwambia jana. Alitoka akaenda stendi. Tiketi yako imesogezwa. Basi lako sasa ni la Ijumaa, si la kesho, na chuo kinapokea wageni mpaka Jumatatu, nimehakikisha. Ukitaka kuondoka kesho hata hivyo, ataibadilisha tena, nafasi zipo. Kesho asubuhi ni yako. Nyumba ya kina Akinyi ni ghorofa la rangi ya kijani lililo nyuma ya kanisa la mabati, uliza fundi wa sare, kila mtu anamjua. Mimi sitakuja.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuitia barua hii kwenye sanduku lako, chini ya shuka, uikute ukishafika. Nimebadili mawazo nikiwa kwenye ukurasa wa nne. Ungeisoma ukiwa mbali, kwenye bweni la wageni, na hungekuwa na mtu wa kumkasirikia. Ningekuwa nimejificha tena.

Ni saa kumi na mbili kasorobo. Nimesikia wanawake wa nyumba ya pili wakikuita, nawe unacheka nao. Barua naiweka mezani, mahali unapokaa, na taa nimewasha. Mimi niko jikoni. Mlango nimeuacha wazi. Ukimaliza kusoma, njoo useme chochote unachotaka kusema, kwa sauti yoyote unayotaka.

Mama yako